Poda ya Sanduku la Bwana Harusi

Ngozi yangu haikuwa ngozi ya kujipamba. Wenzangu wakijipaka liwa walinukia. Mimi nikijipaka liwa nilijikuna. Nilipovunja ungo walinitia dalia, ile poda ya manjano ya wari, shingoni, na kesho yake shingo ilikuwa imetutumka kama andazi. Mdogo wangu wa kike, yule niliyemwachia ziwa, alikuwa hivyo hivyo. Tuliirithi ngozi hiyo kwa bibi yetu wa Mwera, mzaa mama, na yeye ndiye aliyetufundisha kuishi nayo. Kitu kipya chochote, hata kinukie vipi, kwanza utie kidogo nyuma ya sikio, ulale nacho. Sikio likiamka limetulia, jipake. Likiamka linawaka, mpe jirani.

Poda yetu ilikuwa unga wa mchele. Bibi aliroweka mchele siku tatu, akibadilisha maji asubuhi na jioni, akausaga, akauchuja kwa kitambaa cha melimeli, kisha akauanika hadi ukawa laini. Wasichana wa mtaani walitucheka, wakisema tunanukia vitumbua. Mimi walinikera sana. Mdogo wangu alicheka nao, maana alikuwa mzuri kunizidi na alilijua hilo.

Niliposwa, niliposwa na karani wa bandarini ambaye kwao ni Pangani. Siku nne kabla ya harusi mawifi zangu walileta sanduku nyumbani kwetu Ngamiani. Sanduku la bwana harusi hufunguliwa mbele ya watu, na kila kitu huinuliwa juu kikapigiwa vigelegele. Zikainuliwa kanga, vikainuliwa viatu, na mwisho wifi mkubwa akainua kopo jekundu la bati lenye picha ya waridi.

"Poda hii mama kaiagiza Mombasa," alisema. "Siku ya kupambwa twataka kuiona usoni mwa wifi yetu."

Kwetu bibi harusi hupambwa kwa vilivyomo ndani ya sanduku la mumewe. Kuviacha ni kuwaambia wakwe kwamba walicholeta si kitu.

Jioni ile nilitia kidogo nyuma ya sikio. Alfajiri sikio lilikuwa jekundu, limevimba, hata herini haigusiki. Nikamwonyesha mama.

"Wasiwasi wa harusi huo," alisema. "Damu ya mwali huchemka."

"Mama, ni poda."

"Basi vumilia siku moja. Uso utapona, mwanangu. Maneno ya wakwe hayaponi."

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na bibi, ambaye angenitetea, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Lakini chupa yake ya mwisho ya unga ilikuwa bado imo kabatini. Mama alipokwenda sokoni nililimwaga kopo lote, poda nikaifunga kwenye gazeti na kuisukuma uvunguni mwa kitanda. Sikuweza kwenda kuitupa. Mwali hatoki, hata uani nilisindikizwa. Kopo nikalijaza unga wa bibi, nikapaka matone mawili ya marashi kwenye kifuniko ili linukie. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja.

Siku ya kupambwa somo wangu, yule aliyenifunda, alifungua kopo mbele ya mawifi, akanipaka uso mzima, shingo na mikono. Mdogo wangu alisimama mlangoni akinitazama. Alinitazama muda mrefu, na mimi nilidhani anastaajabia nguo.

Nikatolewa, nikakalishwa kitini ukumbini. Bibi harusi haneni, macho huwa chini, na kila mwanamke anayekuja humfunua shela, akamsifu, akamtunza. Mama mkwe wangu aliketi ubavuni pangu na kopo lake mapajani, akiwaonyesha wageni.

Hapo nikamsikia mdogo wangu akilia chumbani.

Kwanza alilia kidogo, kisha akapiga kelele. Nikasikia watu wakikimbia, na sauti ya shangazi: "Macho yamefumba! Uso wote umemvimba!" Kisha sauti ya mama: "Kijicho hicho! Leteni ubani. Mpakeni liwa kwa ndimu."

Nilielewa papo hapo. Bila shaka alifagia uvunguni, akakuta gazeti, akajua harufu. Na yeye, aliyefundishwa sikio tangu utotoni, hakuona haja ya kujaribu. Alikuwa amekwisha kuniona mimi nimepakwa poda ile ile uso mzima na nimetulia. Ngozi yangu ndiyo ngozi yake. Mimi ndiye niliyekuwa sikio lake.

Neno moja lingetosha. Mwosheni kwa maji, ni poda, msimpake kitu. Kutoka pale nilipoketi hadi chumbani hazifiki hatua kumi. Lakini kopo lilikuwa mapajani mwa mkwe wangu, na bibi harusi haneni. Nikainamisha macho. Nilisikia wakimsugua ndimu juu ya vidonda, nilisikia akisema "Mama basi, mama basi," na sikusema kitu. Machozi yakanitoka, na wanawake wakapiga vigelegele, maana bibi harusi anayelia ana haya. Wifi mkubwa alinisifu kwa sauti.

Nilimwona baada ya fungate. Ngozi ilikuwa imemtoka kuzunguka macho, na ilipopona iliacha madoa meusi ambayo anayo hadi leo. Mama alimshuku jirani aliyemsifu uzuri wake asubuhi ile, akakata mguu nyumbani kwa mama yule, na wote wawili wamekufa bila kusemeshana. Nalo hilo niliacha lipite.

Siku ile ya kwanza kuonana, mdogo wangu alinishika mkono. Hakuwa na kinyongo.

"Dada, n'liiona ile uloniwekea kwenye gazeti," alisema. "N'kakuona umetulia, n'kasema ngozi zetu zimeikubali. Mwenzangu, we' ulifanyaje?"

Alidhani nilimwekea fungu lake. Nilikuwa na nafasi ya pili, na safari hii hapakuwa na mkwe wala vigelegele, tulikuwa wawili tu.

"Nilivumilia," nikasema.

Sasa sote ni vikongwe. Kila kunapokuwa na harusi katika ukoo, mdogo wangu huitwa kuwausia mabibi harusi, na kila mara huwasimulia habari zangu. Huwaambia kwamba dada yake aliketi kutwa nzima, uso unawaka moto chini ya poda, asinene wala asijikune, ili asimwaibishe mama. Wasichana hugeuka kunitazama. Nami huinamisha macho.