Kituo Ambacho Sikukilipia Ziwani Jipe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikitaka kuisimulia najikuta nimeanza kwa kujitetea. Leo nitaisimulia ilivyokuwa, kwa mpangilio wake. Ukiona mahali ninajitetea, uniruke, usome mbele.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam, katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mwezi wa sita nilirudi nyumbani Shighatini, mlimani Upare, nikiwa na rasimu ya tasnifu ambayo msimamizi wangu alikuwa amenirudishia. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba nimepima kila kitu na sijaelewa chochote. Maneno hayo yalinivunja zaidi ya nilivyomwambia mtu yeyote. Usingizi ulinihama. Nikawa nakunywa chai yangu nje, nyuma ya nyumba, Mama asinione uso. Alikuwa akiniona. Alikuwa mjane, na mjane mwenye mtoto mmoja huona mengi kuliko anayoyasema.

Kijana aliyeshindwa na jambo kubwa, mwanangu, hutafuta dogo la kulitawala. Mimi nilitawala matumizi. Nilipima sukari kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Mshumaa niliutia alama kwa ukucha, usiwake kupita pale. Wazee wetu walisema akili nyingi huondoa maarifa, na nadhani walikuwa wamewahi kukutana na mtu kama mimi.

Ni Mama aliyeleta habari ya chombo. Kijiji kimoja cha ujamaa kule chini, ufukweni mwa Ziwa Jipe, kilikuwa kimepata mashua ya injini ya kubebea samaki, na siku ya Saba Saba ingewazungusha watu ziwani kwa nauli ndogo. "Twende, baba," aliniambia akimenya ndizi. "Wewe upate upepo, nami niliguse lile ziwa. Nimeliangalia tangu nizaliwe kama mtu anayeangalia picha ukutani."

Ilikuwa kweli. Ukisimama ukingoni mwa shamba letu unaliona ziwa lote, jembamba, na kijani cha mafunjo kimelizunguka. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo nililijua vizuri, kwa hiyo usinionee huruma. Ng'ambo ya ziwa lile, upande wa Kenya, aliishi dada mkubwa wa pekee wa Mama, Mama Mkubwa Nakundwa, aliyeolewa kule. Mara ya mwisho walionana siku ya mazishi ya Baba, miaka kumi na mitatu nyuma. Baada ya hapo salamu zao zilipita kwa wanawake wanaopandisha samaki mlimani. Katika salamu hizo Mama Mkubwa alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mbegu za maharage ya mama yao, mekundu yenye mabaka meupe, ambayo kule kwake hayapatikani.

Tuliondoka alfajiri, tukateremka kwa miguu hadi tambarare, kisha tukapanda lori. Mama alibeba kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Sikuuliza kina nini. Kwetu mtu mzima hamwombi mwanawe jambo mara mbili. Huweka kikapu mahali kinapoonekana, akangoja. Nilikiona. Niliona pia kwamba kingechukua nafasi ya mguu wangu, nikakisogeza.

Pale ufukweni nahodha, mzee mnene aliyeitwa Mrindoko, alisimama juu ya kasha la samaki akatangaza kama mnadi: "Nauli ni ya kuzunguka tu! Anayetaka mwavuli wa jua, ataongeza. Anayetaka perege wa kuchoma, ataongeza. Anayetaka kuteremka ng'ambo kwa saa moja akasalimie ndugu, mtumbwi utamfuata, naye ataongeza. Asiyetaka kitu akae atulie. Ziwa halina kinyongo na mtu!"

Nilikisoma kikaratasi cha nauli mbele na nyuma, nikajiwekea sheria: tutaifurahia safari hii yote bila kuongeza hata senti. Unaweza kunicheka, mwanangu, lakini sheria ile ilinipa amani niliyokuwa nimeikosa kwa wiki tano. Hatimaye kulikuwa na mtihani ambao ningeufaulu.

Mwavuli ulipopita niliukataa, nikamfunika Mama kichwa kwa gazeti. Samaki alipopita nilitoa viazi vyetu vilivyochemshwa. Mbele yetu alikaa Saidi, mkata mkonge aliyetoka Kigoma kutafuta kazi katika mashamba ya tambarare, mtu wa mzaha, naye hakuweza kuvumilia.

"Jamani, mtazameni mtani wangu Mpare!" alisema. "Huyu akitozwa hewa, atabana pua mpaka turudi!"

Mashua yote ikacheka. "Na wewe Mama," Saidi akaendelea, "shikamoo, lakini umezaa benki!"

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu. "Tatizo ni kwamba benki yenyewe haijafungua mlango."

Walicheka hata nahodha akaachia usukani. Mimi nilitabasamu. Niliichukua kama sifa.

Na lazima niseme ukweli wote: nilifurahi. Viboko walitoa pua majini wakatutazama kama wazee wa baraza. Upepo ulikuwa na harufu ya matope na majani mabichi. Mama alitia mkono ziwani, akauacha ukiburutwa na maji, kisha akageuka kutazama milima yetu iliyosimama juu yetu, ya buluu, na ukungu kileleni. "Kumbe ndivyo tunavyoonekana," alisema polepole. "Dada yangu hutuona hivi kila siku."

Baadaye kidogo akauliza, macho yakiwa bado milimani, "Eti chombo hiki hutua upande ule?"

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake, mwanangu. Lilikuwa fupi hivyo. Nami nilijibu kwa hotuba. Nilimweleza kwamba kuteremka hakumo ndani ya nauli. Kwamba malipo ya watu wawili kwa saa moja hayana uwiano na nauli ya saa tatu. Kwamba mwezi wa kumi na mbili tungekwenda kwa basi, kupitia Taveta, tukakaa siku mbili nzima, na kwa hesabu hiyo kila saa ya kuwa na dada yake ingetugharimu kidogo zaidi. Nilihesabu kwa vidole. Kila nilichosema kilikuwa sahihi.

"Sawa, baba," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Injini haikuweza kuingia kwenye mafunjo, kwa hiyo mashua ilipita mbali kidogo na ukingo wa ng'ambo. Nahodha akapunguza mwendo. "Kuna wa kuteremka?" Wengine walitikisa vichwa, hawakuwa na ndugu kule. Akanitazama mimi. "Profesa?"

"Tunaendelea," nikasema.

Hapo ndipo palipotokea mwanamke. Mafunjo yalikuwa yamefyekwa sehemu moja kuacha njia ya mitumbwi, naye alisimama pale, maji yakimfika magotini, akipunga khanga nyekundu kwa mikono miwili. Nyuma yake moshi mwembamba ulipanda. Alikuwa mbali mno hata nisiuone uso wake. Niliona moshi, nikawaza samaki. Niliona khanga, nikawaza biashara. Kando yangu mkono wa Mama ukainuka kutoka kwenye kikapu.

"Usipunge, Mama," nikamwambia. "Ni muuza samaki. Ukipunga atadhani tumeagiza."

Mkono wake ulibaki hewani kitambo, mfano wa mtu aliyesahau alichotaka kukishika. Kisha ukashuka, ukalala juu ya jani la mgomba. Mashua ikapinda. Khanga iliendelea kupungwa hadi mafunjo yakaifunika.

Katika lori la kurudi nililala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kichwa changu begani mwa Mama. Tulipoanza kupanda mlima aliniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimefurahi sana, na hatukuongeza hata senti. "Nami nimefurahi umelala," akajibu. Usiku ule alifungua kikapu, akatoa kifurushi cha maharage mekundu yenye mabaka, akakifunga darini juu ya moshi wa jiko, mahali panapotunzwa mbegu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nilikuwa nikiandika upya tasnifu, nikasema twende Pasaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kabla ya Pasaka mpaka ulifungwa. Wakubwa walikuwa wamegombana juu ya mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ziwa letu, ambalo watu walilivuka kwenda kuomba chumvi, likawa nchi mbili. Waliovuka kwa siri walikuwapo, lakini Mama hakuwa mtu wa kupita kwa kujificha kwenda kwa dada yake. Kila msimu wa mvua alishusha kifurushi, akapanda mstari mmoja wa maharage yale ukingoni mwa shamba, akavuna, akafunga mbegu mpya, akazirudisha juu ya moshi. Mwaka wa tatu habari zikapenya kwamba Mama Mkubwa Nakundwa amefariki. Hatukuweza kwenda kuzika. Mama alikaa matanga peke yake ukingoni mwa shamba, ameelekea ziwani, na msimu uliofuata akapanda tena mstari wake.

Yeye mwenyewe alifariki mpaka ukiwa bado umefungwa. Neno lake la mwisho kwangu lililokuwa na maana kamili lilikuwa hili: "Mbegu ziko juu ya moshi." Hakuongeza kitu.

Mpaka ulipofunguliwa nilivuka na kifurushi kile. Mzee Mrindoko alikuwa bado hai, amekonda, na safari hii nililipia kila alichokitaja, hata mwavuli, ingawa kulikuwa na mawingu. Hakucheka. Mtumbwi uliniteremsha kwenye ile njia ya mafunjo, nikapokelewa na binti wa Mama Mkubwa, dada yangu Naomi, ambaye nilimjua kwa jina tu.

Alifungua kifurushi, akazitazama mbegu muda mrefu bila kuzigusa.

"Kumbe zilikuwapo," alisema.

"Zilikuwapo tangu siku ile tuliyozunguka ziwa," nikamjibu. "Siku ya Saba Saba. Hatukuweza kutua."

"Najua, kaka. Tuliwaona." Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wauza samaki walituletea salamu za mama mdogo wiki nzima kabla. Alisema atapita na mashua ya sikukuu, ana mbegu, na kwamba kijana wake anaumwa moyo, tusimhoji sana. Mama aliwasha moto tangu asubuhi, akachinja kuku. Aliposikia injini aliingia majini na khanga yake nyekundu. Alipunga mpaka mikono ikachoka. Alirudi akasema, 'Ndugu yangu alinyanyua mkono. Niliuona. Labda chombo kilikataa.' Mpaka anakufa alisema hivyo hivyo, kwamba chombo kilikataa."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nimeishi miaka mingi na maneno ya Naomi, nikiyapanga na kuyapangua. Kwa nini Mama hakusema, "Yule ni dada yangu"? Sentensi ya maneno manne ingetosha. Kwa muda mrefu nilimlaumu kwa kunyamaza. Unaona, utetezi umerudi. Sasa naamini nimeelewa. Angesema, mashua nzima ingejua kwamba kijana msomi amemnyima mama yake dada yake kwa fedha isiyozidi bei ya kilo ya sukari. Mzaha wa Saidi ungegeuka hukumu. Aliniona jinsi nilivyokuwa nimevunjika, akaona nimeshika kijisheria kile kama mtu anayezama anavyoshika unyasi, akaogopa kuninyang'anya. Kati ya dada yake na mimi, alishusha mkono. Nami nikamwambia nimefurahi.

Nisikilize basi, maana majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekwisha kuwa mtu mzima, ananizika. Sikukatazi kubana matumizi. Kule kwetu mlimani tumeishi kwa kubana, na maharage yale yalidumu kwa sababu hiyo hiyo. Mwavuli ukatae. Samaki mkatae, viazi vipo. Lakini usiviweke katika fungu moja vitu vyote ambavyo nauli haikuvitaja. Kuna nyongeza za starehe, na kuna kitu ambacho ndicho mtu aliyekaa kando yako alichosafiria, na huyo mtu huenda asikiseme kwa sababu anakupenda. Ukisafiri na mzazi, muulize kikapu kina nini. Muulize kabla chombo hakijang'oa nanga. Akikuuliza swali fupi, usimjibu kwa hotuba. Nyamaza, umtazame uso. Na ukimwona mtu kwa mbali anapunga, mpungie. Ikibainika ni muuza samaki, umepoteza nini?

Naomi alizipanda. Nasikia zimeenea kando ya mfereji wao, watu wa kule wanaziita maharage ya mlimani. Mimi nimebaki na mstari mmoja ukingoni mwa shamba, ninaoupanda kila mvua, ingawa mgongo unakataa.

Mungu akupe safari nyingi, mwanangu, na akuzidishie za pamoja na walio wako. Akupe mkono mwepesi wa kufungua na mkono mwepesi wa kuinuka. Na popote utakapopita, akiwapo mtu aliyesimama majini anakungoja, Mwenyezi akuonyeshe uso wake mapema, chombo chako kikiwa bado hakijapinda.