Magugu Yenye Namba za Chuo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Panga amekata nyasi za chuo. Cheti hajapewa, ingawa wahitimu wote wamepiga picha wakiwa wamesimama juu ya kazi yake. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, naye hakuhangaika kulibandua.

Nyuma ya maabara kuna kipande cha hatua arobaini alichoacha kukikata mwaka ule mashine ilipoharibika. Ilipotengenezwa, alikuta maua ya njano, vipepeo, na mhadhiri wa biolojia amepiga magoti kwenye tope, na tai shingoni.

"Usikate, mama yangu," mhadhiri alimsihi. "Hapa nimehesabu aina thelathini na moja za nyuki. Uwanja wote wa mbele una nyuki mmoja, na nadhani amepotea njia."

Tangu hapo, Mama Panga ndiye anayewaonyesha wanafunzi vishimo ambamo nyuki wa ardhini hutagia. Kwenye ripoti zao anatajwa kama "mtumishi wa eneo".

Kisha akaja meneja mpya wa majengo, mtu wa viatu visivyolijua tope.

"Ijumaa tuna wageni. Pale nyuma pafyekwe. Panatia aibu."

"Panamtia nani?"

"Mama, nitakuandikia barua!"

"Andika, mkuu. Mwandiko unao."

Wiki hiyohiyo meneja aligawa maboksi ya vibati na waraka: kila kilichomo katika eneo la mtumishi kifungwe kibati cha namba, na chenye namba kisiondolewe bila idhini ya kamati. Watumishi wengine walifunga vibati kwenye matoroli na mipira ya maji, wakaenda kunywa chai. Mama Panga alifunga toroli lake, kisha akabeba boksi hadi nyuma ya maabara. Alijaza fomu ya usajili wa namba, kurasa sita. Karani akazigonga muhuri bila kusoma, kama ilivyo desturi ya ofisi.

Alhamisi meneja alifika na mwendesha mashine. Kila kichaka kilikuwa na kibati, kimefungwa kwa waya.

"Nini hiki?"

"Waraka wako."

"Haya ni magugu!"

"Yana namba. Hilo ulilokanyaga ni mia moja na kumi na mbili."

Mwendesha mashine alizima injini. "Bosi, mimi nina watoto. Niletee idhini ya kamati." Kamati yenyewe ilikutana mara ya mwisho mwenyekiti wake akiwa bado na nywele.

"Na nyuki je?" meneja alifoka. "Nao umewafunga?"

"Nimejaribu. Hawatulii."

Barua ya onyo ilimfikia kabla ya saa sita. Aliisoma yote, akasahihisha neno moja, akaandika chini: *Nimepokea. Sijakubali.* Akaikabidhi kwa karani, ambaye aliigonga muhuri.

Kisha akarudi nyuma ya maabara na kijiti na kamba, kumnyanyua mia moja na kumi na mbili.