Cherehani Iliyokuwa Ikikwama

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kinanda, kwa kuwa kabla ya kushika chaki alipiga kinanda harusini miaka kumi na miwili. Hata kompyuta aliifundisha kwa muziki. "Ngoma ni kurudiarudia," alisema, "na hicho ndicho kompyuta inachokijua. Iambieni irudie nini, mara ngapi, inyamaze wapi." Watoto walimpenda. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: sikio lake halikuvumilia mdundo unaochechemea. Akiusikia tu, mkono humwasha mpaka aunyooshe.

Mwaka huo binti mmoja mkimya, aliyefiwa na mama yake miezi michache nyuma, aliandika programu ya kucheza mlio wa cherehani. Kila mshono wa saba ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Asubuhi ya maonyesho ya wazazi, mwalimu aliikagua akiwa peke yake darasani. Akausikia ule mkwamo. "Mtoto kakosea hesabu," akajisemea, akafuta tarakimu zote za kusubiri, akahifadhi juu ya kazi ya awali. Nakala nyingine haikuwepo. Ukutani kwake alikuwa amebandika, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba kuuliza si ujinga. Yeye hakuuliza.

Mchana cherehani ikalia sawasawa, bila doa. Wazazi wakapiga makofi, na mwalimu kichwa kikamvimba. Binti alisimama tu akiitazama spika.

"Mwalimu, mbona haikwami?"

"Nimekurekebishia, mwanangu. Usijali."

"Ile ilikuwa cherehani ya mama. Ilikuwa inakwama vilevile. Nilikaa nayo siku tatu na saa ya simu, napima."

Mwalimu akaivuta kibodi. "Basi tuipime upya. Kesho njoo nayo hiyo cherehani."

"Shangazi kaichukua, akaipeleka kwa fundi." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu zaidi. "Sasa haikwami tena."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwalimu alijaribu kuyazoa. Wiki mbili nzima alibahatisha tarakimu hii na ile, akimwita binti asikilize, huku majuto yakimtafuna. Kila mara binti alitikisa kichwa kwa adabu. "Inakaribia, Mwalimu."

Siku ya mwisho binti aliweka mkono juu ya kibodi kumzuia.

"Basi, Mwalimu. Ukizidi kujaribu, na mimi nitaisahau."