Kengele ya Bwalo

Mimi nikifurahi sina breki. Hata kanisani nimewahi kuombwa nipunguze sauti, na siku hiyo nilikuwa naimba tu. Kwa hiyo mkuu wa chuo alipokubali mpango wangu wa kengele, nilitoka ofisini kwake nikiruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, na wanachuo wakaniangalia wakacheka.

Nafundisha uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa Katesh. Muhula ule tulimpokea binti kutoka Bashay, asiyeona tangu utotoni, aliyekuja kusomea ufumaji wa masweta. Kwenye mashine ya kufuma hakuwa na shida hata kidogo. Shida ilikuwa njia, maana chuo chetu kimekaa kwenye mteremko, na kati ya jengo na jengo kuna mitaro na mawe. Alitumbukia mtaroni akatoka anacheka. Akatumbukia tena. Mkuu wa chuo hakucheka. Alimwambia aonyeshe kwamba anaweza kutoka bwenini mpaka bwalo la chakula peke yake, la sivyo aletewe ndugu wa kumshika mkono.

Ndugu aliyekuwepo alikuwa mdogo wake wa darasa la sita. Mama yao alikuwa ameshaanza kumwandaa aache shule aje.

"Madam, bora nirudi mimi nyumbani," binti aliniambia. "Yule mtoto anapenda shule kweli."

"Harudi mtu hapa," nikamjibu, na wala sikujua nitafanya nini.

Tulianza na fimbo ya kisasa. Fundi simu wa mjini alitufungia kifaa kinacholia kila kikikaribia kitu. Kililia kwenye ukuta, kikalia kwenye mvua, kikalia kwenye ukungu. Mkuu wa chuo alipokuja kukikagua kikamlilia na yeye, kikagoma kunyamaza mpaka alipoondoka. Tulicheka mpaka tukakaa chini, kisha nikakitupa stoo.

Wazo la kengele lilinijia mnadani. Huku kwetu mfugaji hachagui kengele ya ng'ombe kwa macho. Anaitikisa, anasikiliza, anaiweka, anatikisa nyingine, kwa sababu ng'ombe wake akizama kichakani atamjua kwa sauti. Nilirudi mbio nikamchukua binti, tukaenda wote kwa mhunzi. Alizitikisa zote, akazikataa karibu zote. Mhunzi alianza kununa, lakini alivyosikia binti anavyozitofautisha, akaanza yeye mwenyewe kumtolea zile alizokuwa amezificha. Bwalo likapata ile yenye sauti nene, darasa likapata ya kati, maktaba kale kembamba. Choo tulikipa kopo lenye kokoto, na hilo lilimfurahisha kuliko yote.

Nilichomelea vyuma vya kuzitundikia juu ya milango, na upepo wa Mlima Hanang ukafanya kazi iliyobaki. Baada ya siku chache binti alikuwa anakata kona chuo kizima, fimbo ya kawaida mkononi. Mimi nilikuwa natembea naringa, utadhani nimeugundua upepo wenyewe.

Jioni ya mtihani mkuu wa chuo alisimama nami mlangoni pa bwalo. Sharti lake lilikuwa fupi: asiguswe, asiitwe. Binti akatoka bwenini, sahani na kikombe mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akaja amenyooka kabisa. Mara upepo ukatulia. Kengele yetu ikanyamaza.

Hapo ndipo kosa letu lilipojitokeza, tena likiwa na pembe. Mzee jirani alikuwa anarudisha ng'ombe wake nyuma ya ua wetu wa minyaa, na dume lake la mbele limevaa kengele ya mhunzi yuleyule, sauti nene ileile. Binti akasimama, akasikiliza, akapinda. Akapita penye uwazi wa ua, akaungana na ng'ombe, anatembea nyuma yao kwa adabu, sahani kifuani.

"Anakwenda wapi yule?" mkuu wa chuo akauliza.

Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Nilijiziba mdomo kwa kanga na machozi yananitoka, kwa sababu akilini nilimwona yule mtoto wa darasa la sita akifunga madaftari yake. Tukamfuata kwa mbali.

Uani kwa jirani, mama mwenye nyumba alikuwa anasubiri ng'ombe. Binti akanyoosha sahani.

"Shikamoo mama. Leo kuna nini?"

"Marahaba. Kuna maziwa, mwanangu," mama akasema, akachukua kikombe na kukijaza. Kisha akagundua, akanyoosha mkono amshike. "Umepotea, wewe! Ngoja nikurudishe."

"Hapana mama, naomba usinishike. Niko kwenye mtihani."

Akageuka. Akaipapasa kwa nyayo njia iliyokanyagwa na ng'ombe, akagusa minyaa kwa fimbo, akaufuata ua mpaka kwenye ule uwazi. Hapo akainua pua. Makande ya bwaloni yalikuwa yanaungua kidogo, kama kawaida yetu. Akanyoosha moja kwa moja mpaka mlangoni, sisi tukimnyatia nyuma.

"Umetoka nje ya chuo bila ruhusa," mkuu wa chuo akasema.

"Ndiyo, mkuu. Shikamoo. Nimetoka na nimerudi. Kuna mtu amenishika mkono?"

Mkuu wa chuo akaomba maziwa, akapiga funda, akasema, "Mpigie mama yako."

Nilipiga kelele nikamkumbatia binti, sahani ikaanguka. Simu ya Bashay ilipokelewa na mdogo mwenyewe.

"Usije," dada akamwambia. "Natembea mwenyewe."

"Lakini dada, darasani nimeshawaaga wote."

"Basi kesho nenda ukawasalimie."