Maneno Uliyobebeshwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Keza, na mtu asiniambie niisahau. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni, miguu peku, mikono umeiweka nyuma kama mwanafunzi anayengoja kutumwa na mwalimu. Baba yako alikuwa amerudi kutoka shambani Kagerankanda baada ya wiki nyingi. Sikuwa nimemsalimia, naye hakuwa amenisalimia.

Nikakuambia, "Kamwambie baba yako chakula kipo. Akitaka kula ajipakulie."

Alikuwa sebuleni, ukuta mmoja tu katikati yetu. Alinisikia. Hata jirani alinisikia. Lakini siku hizo, nyumbani kwetu, neno halikuhesabiwa kuwa limesemwa mpaka wewe ulifikishe. Ukakimbia, nikakusikia ukisema, "Baba, mama anasema pole na safari. Karibu chakula."

Nikabaki nimeshika mwiko. Sikusema hivyo mimi.

Naye akajibu kwa sauti kavu, "Kamwambie mama yako, kama amechoka na mimi, njia ya kwao Busunzu anaijua."

Ukarudi mbio, umetabasamu, tabasamu la kulazimisha kama la mtu anayeuza. "Mama, baba anasema asante. Anasema umepika vizuri."

Ulikuwa hujaanza hata chekechea.

Nasaha za namna hii huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata moja. Lakini wenye mvi walitukalisha chini wakatushauri, na walichokifanya nimekiona kwa macho yangu, basi leo ngoja niseme mimi.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja. Baba yako alitaka tuhamie Kagerankanda, tukaishi shambani karibu na mama yake. Watu wake walitoka Burundi bila hata jembe, wakalala kwenye maturubai, wakaishi miaka mingi kabla ya kuitwa raia. Kwake yeye, ardhi usiyolala juu yake ni ardhi ambayo mtu atakuja kukunyang'anya. Mimi nilitaka tubaki Kasulu mjini, cherehani yangu iwe karibu na soko na wewe uwe karibu na shule. Nilimaliza kidato cha nne. Nilimwambia sikusoma ili niende kufukuza ndege kwenye mtama wa mama yake, na nilimwambia kwa maneno mabaya kuliko haya.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tunagombania. Ila ukitusikiliza, ungedhani tunagombania maji ya kuoga yaliyopoa, au simu yake ambayo haikupatikana, au jibu nililompa mbele ya wageni. Tukiitwa kwenye kikao, wazee wanachukua hilohilo la maji wanalipekua kama kesi ya mauaji.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia harusi yetu. Swali lake lilikuwa moja: "Nani alianza?" Anayeonekana na kosa analeta kreti ya soda. Wazee wanakunywa, tunashikana mikono, tunaombewa, tunarudishwa nyumbani. Hata siku moja hakuuliza, "Hivi nyinyi mnataka kuishi wapi?" Aliyelipa soda anaondoka na kinyongo chake, anasubiri zamu ya mwenzake ifike. Mimi naongea, mwanangu, unanijua. Baba yako akikasirika maneno yanamkauka. Basi yeye ndiye aliyelipa soda nyingi, na kila aliyolipa aliirudisha kwangu nyumbani, kwa njia yake: anaenda shambani, simu anazima.

Mwishowe Mzee Yeremia akatuchoka. "Mkileta tena kelele hapa," alisema, "mtoto ataenda kwa bibi yake Kagerankanda. Nyinyi mtabaki muumane wawili." Alidhani anatutisha ili tupendane. Tulichojifunza ni kugombana bila sauti. Nilikuwa radhi ninyamaze mwaka mzima kuliko kukukosa. Baba yako vilevile. Ndipo tukakupa wewe kazi ya kubeba maneno.

Ukaacha kucheza. Watoto wa jirani wanakuja kukuita kwenye rede, unawaambia, "Siwezi. Nikitoka hawataongea." Nilisikia nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaona nina mtoto mwenye maneno.

Lakini siku ile ya chakula sikucheka. Nilitupa mwiko nikaingia sebuleni. "Baba Keza, umesikia mtoto anavyotutungia uongo?"

"Kaanza nani kumtuma?" akasema. "Si wewe?"

"Na wewe unamjibu nini? Njia ya Busunzu? Mtoto wa umri huu akalibebe hilo?"

"Basi nenda! Nenda nipumue!"

Tukafungulia midomo. Yote ya miezi ile yalitoka kwa siku moja, mpaka majirani wakasimama uani. Wewe ulikuwa katikati yetu, unamgeukia huyu, unamgeukia huyu, mdomo wazi, unatafuta mahali pa kuingiza neno lako zuri. Hukupata.

Kikao kikaitwa. Mzee Yeremia akauliza swali lake. Nikamwambia, "Mzee, leo sitaki kujua nani alianza. Mtoto wetu anabadilisha maneno yetu ili tusiumizane. Amegeuka mshauri wa ndoa na bado hajang'oa jino hata moja."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe mnaye mwenye busara nyumbani, na bado mnatusumbua!" Wakacheka. Wakacheka, mwanangu, na kifungua soda kilikuwa tayari mkononi. Baba yako hakucheka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza kwenye kikao tulikuwa upande mmoja, lakini tumechelewa. Mzee Yeremia alikuwa ameshasema lake, na mbele ya watu hakuwa mtu wa kulirudisha. "Tulikubaliana," akasema. "Mtoto aende."

Bibi yako akaja kukuchukua. Nilijiandaa kumrukia. Nilikaa mlangoni nikakupakata kwa nguvu, nikamwambia hukumu ya wazee nitaipeleka polisi, ustawi wa jamii, popote, mtoto wangu haondoki. Mama mkwe wangu si mtu wa kelele. Aliweka mfuko wake chini, akavua kandambili, akasema tu, "Sikuja kukunyang'anya. Niliitwa."

Wewe ukamwangalia kutoka mapajani kwangu. Ukamuuliza, "Bibi, huko kwako nani haongei na nani?"

Hakuelewa. "Unasemaje, mjukuu?"

"Nitakuwa nampelekea nani maneno?"

"Yoo, mwana wanje," bibi akasema, ndiyo 'mwanangu' kwa Kirundi chake, akakaa pale pale chini. "Huko hakuna maneno ya kupeleka. Niko mimi na kuku tu."

"Kuku wanagombana?"

"Wanagombana. Wanamaliza wenyewe."

Nilikusikia ukishusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu mzima aliyetua mzigo. Mikono yangu ilikuwa imekukaza kifuani na mgongo wako, uliokuwa mgumu tangu sijui lini, ukalegea. Hukulegea kwa ajili yangu. Ulilegea kwa sababu ulisikia kuna nyumba ambako hutatumwa.

Nikakuachia. Si kwa sababu ya Mzee Yeremia, usije ukaambiwa hivyo. Nilikufungia nguo zako mwenyewe. Bibi akakubeba mgongoni, na hamjafika hata barabarani kichwa chako kilikuwa kimelala begani kwake. Baba yako alisimama kando yangu mpaka mkapotea. Tukarudi ndani. Hakukuwa na wa kumtuma. Tulikaa siku kadhaa kama watu waliofiwa. Kisha yeye akaniuliza, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, "Hivi wewe Kagerankanda unaogopa nini?" Nikamjibu, nami nikamuuliza yeye mjini anaogopa nini. Jibu langu hakulipenda. Na mimi lake sikulipenda. Lakini lilikuwa lake, halikupita kwa mtu.

Sikudanganyi kwamba tumepona. Sijui kama ndoa hii itafika mbali. Ninakuja kukuona siku zisizo za soko, nakuta unacheza umechafuka mpaka kwenye nywele, narudi mjini nalia ndani ya gari.

Sasa nisikilize, mwanangu, na wewe mwingine yeyote unayesoma hapa. Ukiwa na mwenzako na ugomvi uleule unarudi, usimtafute mtu wa kukuambia nani alianza. Huyo atakupa ushindi, na ushindi haupikwi uji. Mtafute anayewauliza mnataka nini, na akishauliza anyamaze awasikie wote wawili. Akikosekana, ulizaneni wenyewe. Pigeni kelele ikibidi, ila kwanza mtoto mpelekeni akacheze. Na uliye na hasira, lako liseme kwa mdomo wako. Mtoto si mdomo wako. Ukimwona anatabasamu katikati yenu, usiseme ana busara. Ana hofu.

Na wewe Keza, hukuwa na deni letu lolote. Imana, Mungu wa kina bibi yako na wetu, akupe utoto wako uliobaki wote, akupe marafiki wenye kelele, magoti yenye vidonda vya michezo. Ukikua akupe mtu wa kukuuliza swali na kungoja jibu. Na siku utakayonikasirikia kwa haya, akupe nguvu ya kuja kuniambia mwenyewe.