Mwanamke Aliyemtetea Mlinda Lango

Kwa karibu mwaka mzima tulimjua kwa picha ya mahindi mawili yaliyoanikwa juu ya bati. Hiyo ndiyo picha aliyoweka kwenye simu yake. Katika kundi letu la mtandaoni wengine tuliandika kwa fujo, nusu Sheng nusu Kiingereza, herufi zikirukwa. Yeye aliandika Kiswahili cha taratibu na kuweka nukta mwisho wa kila sentensi. Hakutuma sauti wala vikaragosi. Tulichojua ni kwamba anatoka Ngoliba, kwa hiyo tukawa tunamwita Mtu wa Ngoliba. Mimi niliamini ni mhadhiri aliyestaafu. Wengine walisema ni injinia.

Kundi lenyewe lilikuwa la wapenzi wa katuni moja. Natumia neno katuni kwa sababu ndilo nililotumia nyumbani, na kila nikilitumia mama yangu aliniangalia kama mtu aliyesahau umri wake. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nakagua mishono katika kiwanda cha nguo hapa Ruiru. Mwenzangu wa meza ya pili alinionyesha sehemu ya kwanza wakati wa chai. Nilipofika nyumbani nikatazama sehemu nne mfululizo, na wiki hiyo sikuongea jambo lingine.

Ilikuwa hadithi ya nchi iliyojengwa kwenye genge la maporomoko makubwa ya maji. Watu waliishi kwenye vibaraza saba vya mwamba, kimoja chini ya kingine, na maji yaliwapitia wote kuanzia juu. Kila kibaraza kilikuwa na desturi zake. Wa juu walihesabu saa kwa mwanga. Wa chini kabisa waliishi ndani ya ngurumo ya maji, hawasikilizani, kwa hiyo tangu enzi za mababu waliongea kwa mikono. Hata nyimbo zao zilikuwa za mikono. Hakuna mtu aliyesimama kutueleza hayo. Waliochora walituachia tuone wenyewe, na hicho ndicho kilichonishika. Kwa mfano, nilitazama mara tatu kabla ya kugundua kwamba akina mama wa chini huwafunga watoto wao kifuani, si mgongoni. Mtoto akiwa mgongoni hawezi kuona mikono ya mama ikiongea.

Katika msimu wa pili ukaja ukame. Mlinda lango, mwanamke wa makamo wa kibaraza cha kwanza, alifunga lango kuu. Maji yakakoma. Kule chini, kwa mara ya kwanza, watu wakasikia mtoto akilia. Walishtuka wakakimbia huku na huku, hawajui sauti hiyo ni ya nini. Kisha wakaanza kuhama, na wengi wakafia njiani.

Kundi zima lilimchukia yule mlinda lango, na aliyemchukia kuliko wote alikuwa kinyozi mmoja wa Mwiki. Huyu nilimfahamu ana kwa ana kwa sababu duka lake lilikuwa karibu na ninapoishi. Ukutani, mahali ambapo vinyozi wengine hubandika picha za mitindo ya nywele, yeye alikuwa amechora ramani ya vibaraza vyote saba kwa kalamu za rangi, na njia na visima na makaburi yake. Wateja walikaa kwenye kiti wakiwa wamefunikwa shuka, na yeye akawafundisha jiografia ya nchi isiyokuwepo. Alikuwa mtu mpole sana isipokuwa akitajiwa mlinda lango.

"Yule mama ni msaliti tu," aliandika siku moja kwenye kundi. "Hakuna kingine cha kuongea. Alikuwa na maji, akawanyima watu."

Wengi wakaunga mkono. Halafu ujumbe wa Mtu wa Ngoliba ukaingia.

"Wewe umewahi kufunga maji."

Hakuweka alama ya kuuliza. Aliweka nukta yake ya kawaida.

Miezi michache baadaye tuliamua kuonana. Tulichagua Thika, kwenye ile hoteli ya zamani pale maporomoko ya Chania, kwa sababu ilionekana haki kuzungumzia nchi ya maporomoko tukiwa tunayasikia. Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulifika kumi na mmoja, tukaunganisha meza mbili kwenye nyasi na kuagiza chai. Kinyozi alikuja na ramani yake, safari hii ameichora kwenye karatasi kubwa aliyoikunja kama mkeka.

Tulipokuwa tunagawana viti, mwanamke mmoja mzee akaja upande wetu polepole, akiegemea fimbo. Alikuwa amevaa sweta ya kijani na kitambaa kichwani. Nikadhani ni mgeni wa harusi iliyokuwa upande wa pili wa bustani. Msichana mmoja wa chuo, wa kundi letu, aliyekuwa karibu nami akasimama kumwonyesha njia.

"Shosho, harusi iko kule."

"Najua iko kule," akasema. "Mimi nimekuja kwa mambo ya lango."

Kinyozi aliinuka akampa kiti chake. Mtu wa Ngoliba ndiye huyu. Mzee akaketi, akaweka fimbo kwenye nyasi, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akimuuliza kila mmoja jina analotumia kwenye kundi. Alitukumbuka wote. Aliniambia, "Wewe ndiye wa watoto kifuani. Ile uliona vizuri." Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Alituambia alivyoanza. Aliteleza akavunjika mguu, binti yake akamleta kwake Ruiru, akalala kwenye kochi miezi mitatu. Binti alikuwa akitazama ile katuni jioni. Mwanzoni mzee aligeuza uso ukutani. "Nikasikia tu maji," alisema. "Nikageuka nione nani amefungulia maji mengi hivyo."

Chai ilipomiminwa, kinyozi alikunjua ramani na mazungumzo yakaanza. Tulijadili kwa nini kibaraza cha tatu hakina mlango hata mmoja, na kama lugha ya mikono ina neno la kunong'ona. Lakini wote tulijua tunasubiri nini, na mwishowe kinyozi mwenyewe ndiye aliyelileta.

"Shosho, kwa heshima. Ile siku uliniuliza kama nimewahi kufunga maji. Sijawahi. Lakini yeye alijua watu wa chini watakosa. Alijua, na akafunga."

"Alijua," mzee akakubali. "Mimi pia nilijua."

Akaweka kikombe chini. Alisema kwao Ngoliba kuna mfereji unaochukua maji mtoni na kuyapeleka kwenye mashamba. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa lango lake. Alipofariki, kamati ya maji ikampa mjane ufunguo huo. Mwaka wa pili mvua ikakataa. Mto ukapungua hadi maji yaliyoingia mferejini hayakutosha kufika mwisho. Yalikuwa yakifika katikati yanaingia mchangani karibu yote, wa juu wanapata kidogo, wa chini wanapata matone.

"Nikafunga tawi la chini," alisema. "Hayo maji kidogo nikayaachia mashamba ya juu, mahindi yalikuwa yanatoa maua. Huko chini kulikuwa na nyanya. Nyanya za dada yangu. Tumezaliwa tumbo moja, tumelala kitanda kimoja. Kila asubuhi nilipita kwa shamba lake nikienda kuangalia lango. Nilikuwa naona zinavyokauka. Nilijua kila mche."

Upande wa pili wa bustani watu wa harusi walikuwa wanapigwa picha.

"Dada yako alisema nini?" msichana wa chuo akauliza.

"Hakusema. Hiyo ndiyo shida. Tulikuja kuongea tena siku ya kumzika mama yetu, na mpaka leo hatujataja nyanya." Akamgeukia kinyozi. "Sikuambii huyo mama wa katuni alifanya vizuri. Ningekuwa dada yangu ningemchukia pia. Nakwambia tu waliomchora wanamjua mtu kama huyo. Umeona akitoka kufunga lango ananawa na nini?"

"Vumbi," kinyozi akasema. "Tulidhani ni mila yao."

"Kwa nini hakuna mwingine hapo juu ananawa na vumbi? Hakutaka kugusa maji. Na tena hanywi. Tangu siku hiyo hanywi. Katazame."

Nilienda kutazama. Kazi yangu ni kukagua, nikakagua. Nilichukua daftari na kurudia kila sehemu iliyokuja baada ya lango kufungwa. Mara nne mlinda lango anapewa kikombe cha maji. Mara mbili anampitishia aliye kando yake. Mara moja anakiweka dirishani. Mara ya nne anakishika hadi mazungumzo yanaisha, kisha tunamwona mtu mwingine akikiondoa kikiwa kimejaa. Nilipotuma orodha hiyo kwenye kundi, watu walienda kuhakikisha wenyewe, na jioni nzima simu yangu haikutulia. Nilishangaa kwamba kuna mtu mahali fulani alikaa akachora kikombe kilichojaa, asimwambie yeyote, akaamini kwamba ipo siku kitaonekana. Na nilishangaa zaidi kwamba aliyekiona ni mwanamke aliyelala kwenye kochi Ruiru na mguu kwenye plasta.

Kesho yake nilipopita dukani kwa kinyozi nikamkuta ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, anatazama ukuta.

"Nimemtukana mwaka mzima," akaniambia. "Na alikuwa na kiu."

Yeye ndiye aliyeomba twende Ngoliba. Mzee alikubali, akatuambia tuvae viatu vya kutembea. Tulienda watatu, mimi, kinyozi na msichana wa chuo. Alitupokea kwa uji na viazi vitamu, kisha akatupeleka kwenye mfereji. Mguu ulikuwa bado unamsumbua lakini alitutangulia. Lango la tawi la chini lilikuwa bamba la chuma lenye kutu, limeshikwa na nguzo mbili za zege, na juu yake gurudumu la kuzungusha kwa mikono. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Lilinifika kiunoni.

Kinyozi akaomba kulizungusha, mzee akamfungulia kufuli. Alizungusha mara tano, bamba likashuka, na maji ya upande wa chini yakapungua mbele ya macho yetu hadi tukaona mawe. Haikuchukua hata dakika. Alisimama pale mikono yake ikiwa bado juu ya gurudumu.

"Ni rahisi hivi?" akauliza.

"Kuzungusha ni rahisi," mzee akasema. "Sasa fungua, watu wana mboga zao za sukuma huko."

Akafungua. Kabla hatujaondoka mzee aliomba kuona ramani, ambayo kinyozi alikuwa amekuja nayo. Akaiangalia kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye kibaraza cha kwanza. "Lango umeweka hapa, kwa kona. Haliwezi kukaa hapa. Maji yakija na nguvu yanakula huu ukuta, na kibaraza chote kinaanguka. Wao wenyewe waliliweka nyuma, penye miamba miwili. Ile sehemu anapanda ngazi na taa, ngazi zinaenda nyuma." Kinyozi akatoa kalamu ya risasi palepale, akaiweka ramani magotini na kurekebisha. Mzee alimwelekeza kila mstari, na mara mbili alimfanya afute.

Msimu wa mwisho tuliusubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Tulikuwa tumeandaa makisio yetu yote kuhusu mlinda lango, kwamba atasamehewa, au atakunywa, au atateremka chini kuishi na waliobaki. Hakuna lililotokea. Katika sehemu ya kwanza ukuta uliporomoka, akafa, na hadithi ikaendelea na vijana. Tulikasirika sana. Kinyozi alitaka tuwaandikie waliotengeneza. Mimi mwenyewe nilihisi nimeibiwa.

Mzee aliandika jibu lake siku ya tatu. "Mimi pia sijapenda. Lakini walimchora vizuri wakati walimchora. Hiyo haiwezi kufutwa." Kisha akaongeza kwamba tusiwasahau watu wa chini, kwa sababu maji yaliporudi walirudi pia, na sasa walikuwa na watoto waliozaliwa kwenye ukimya, wanaojua kuongea kwa mdomo. Alitaka kujua watoto hao na mama zao wataelewana vipi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Tulikuwa tumeshughulika na hasira. Tulilijadili wiki mbili, na nadhani ndiyo yaliyokuwa mazungumzo bora zaidi kundi letu limewahi kuwa nayo.

Siku hizi tunatazama katuni nyingine, ya nchi ya chumvi nyeupe isiyo na mti hata mmoja. Ina mashabiki wengi kuliko ile ya kwanza, na kinyozi ameshaanza kuichora kwenye ukuta wa pili. Baada ya sehemu tatu, wakati wote tunasifia mavazi na majumba ya chumvi, ujumbe kutoka Ngoliba uliingia.

"Hao mbuzi wanakula nini."

Nilirudi nikatazama. Wapo mbuzi kila mahali, wanono, wanapita nyuma ya kila mtu anayeongea, na hakuna jani. Nimeshajaza kurasa mbili za daftari na bado sijui.