Bomba Lililopita kwa Mama Mkwe

Mimi nilikuwa nachimba choo. Usicheke. Miaka hiyo huku Busia mtu akijenga nyumba ananunua mabati, halafu ananitafuta. Nilimaliza darasa la saba, nikaangalia kalamu, nikaangalia jembe, jembe ndiyo ilinitambua. Kutoka kwetu mpaka karibu na Busibwabo, ukiona kibanda nyuma ya migomba, shimo yake ni mimi.

Kazi ilikuwa nyingi kwa sababu ya heshima. Kwetu mtu haingii choo moja na mama mkwe wake. Baba mkwe na mke wa kijana wake pia, hapana. Kwa hivyo boma moja inataka mashimo mawili, wakati mwingine matatu. Mimi nilikuwa naombea watu waoe.

Basi kukatokea tajiri mmoja wa malori. Madereva walikuwa wanalala foleni pale kastam wakingoja kuvuka Uganda, yeye akaona hawa wanataka kitanda. Akataka kujenga lojing upande wetu, na choo za kuvuta mnyororo. Kanso, yaani baraza la mji, ikamwambia: bomba la maji machafu tutaleta, lakini hapo bado ni mashambani. Kwanza boma zote za upande huo ziingie ndani ya mji, na wenyewe wakubali bomba lipite kwao.

Nikaona njaa yangu inakuja na hiyo bomba. Leo lojing, kesho kila boma inavuta mnyororo, na jembe yangu inabaki ya kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Chairman wa kanso akaita mkutano kwa uwanja wa shule. Wanaume huku, akina mama kule. Watu wakauliza mambo yao: ng'ombe tutachunga wapi, kodi ni ya nini. Chairman akajibu polepole, sauti tamu kama chai ya harusi, nikaona vichwa vinaanza kuitikia. Tajiri alikuwa amekaa mbele na koti, anatabasamu tu.

Nikainua mkono.

"Sema, kijana."

"Chairman, mimi nauliza tu. Hiyo bomba ni moja?"

"Moja. Kubwa sana."

"Choo za lojing ya huyu boss zinaingia humo?"

"Zinaingia."

"Halafu inapita hiyo boma iko chini, inachukua na ya huko?"

"Ndiyo. Kwani wewe ni injinia?"

"Hapana, mzee. Ni vile hiyo boma ni ya mama mkwe wake."

Tajiri akaangalia viatu vyake. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa sauti ya matanga, "Kwa hivyo zitakutana."

"Gizani," mwingine akaongeza.

"Bila hata kupiga hodi," nikawasaidia.

Wazee wakaanza kuokota fimbo zao waende nyumbani. Nikajua jembe imepona.

Sasa mama mkwe mwenyewe akasimama. Muda wote alikuwa amempa tajiri mgongo, leso juu ya kichwa, vile inatakiwa. Hakugeuka. Mkwe haongeleshwi ovyo, kwa hivyo aliongea na chairman.

"Chairman, mwambie huyo baba ako nyuma yangu, mimi nachota maji mto Sio. Yeye anaosha lori hapo juu, na siku ya joto anaoga hapo hapo. Miaka yote mimi nakunywa. Nimekufa?"

Chairman akamgeukia tajiri, hatua mbili tu. "Mama anauliza kama amekufa."

"Mwambie hapana," tajiri akaambia viatu. "Mwambie pole."

"Na mwambie magoti yangu imezeeka. Kuchuchumaa na hii mvua nimechoka. Kama iko choo ya kukalia kama kiti, nataka. Yake ipite, yangu ipite. Huko chini zisalimiane, mimi sitakuwa hapo."

Akina mama walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Wazee wakarudi kukaa, mikono ikainuka, na hapo hapo tukawa watu wa mji, sisi na ng'ombe zetu.

Nilikuwa naondoka polepole nyuma ya watu. Mama alikuwa hajamaliza.

"Huyu kijana wa maswali ndiye alichimba shimo yangu. Anaogopa kukosa kazi. Chairman, hiyo bomba itaingia chini ya udongo yenyewe?"

"Hapana, mama. Ni kuchimba mtaro mpaka mjini."

"Basi mpe. Jembe yake ni nzuri. Shida ni mdomo."

Nikachimba, mimi na vijana wengine, na sijawahi kula vizuri kama wakati huo. Tulipofika kwa boma yake, akaniletea uji wa wimbi, akasimama juu ya mtaro akaangalia ndani.

"Panua kidogo hapa," akasema. "Hapa ndipo nitapitana na mkwe wangu. Sitaki tugusane mabega."